Pazia la Jikoni na Bendera ya Kijani

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamka, nimekohoa, nimechungulia dirishani. Jengo la mbele halipo! Limekwenda wapi? Kumbe lipo, ila moshi umelimeza kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu. Suruali ya mtu inaning'inia kwenye kamba, mwenye suruali haonekani, wala ukuta wake hauonekani. Nimepangusa kioo kwa kiganja. Kiganja kimekuwa cheusi, kioo kimebaki vilevile.

Mke wangu alikuwa na simu mkononi tayari. Siku hizi hanisalimii kabla hajaangalia rangi ya hewa, kijani kwa safi, nyekundu kwa chafu. Leo nyekundu. Jana nyekundu. Juzi zambarau! Sikujua kwamba ipo hata zambarau. Nilidhani ubaya wote unaishia kwenye nyekundu, kama taa za barabarani.

Binti yetu amevuta pampu yake ya pumu kabla ya chai, akavuta tena baada ya chai. Ana miaka minane. Anaitikisa karibu na sikio kusikiliza kama dawa bado ipo, kama wavuta sigara wanavyotikisa kiberiti. Mtoto wa darasa la pili! Nikageuka, nikajifanya natafuta kijiko.

Halafu mke wangu akasema, kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa kuliko makelele, kwamba hali ikiendelea hivi anamchukua mtoto wanakwenda kwa mama yake kule milimani. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka hewa ya hapa itakapokuwa ya kijani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Hapo ndipo nilipoelewa. Hewa ya mtaa huu haijawahi kuwa ya kijani tangu waanze kuipima. Wakiondoka hawarudi!

Nimemwomba wiki moja. Nimemwambia mimi ndiye msimamizi wa jengo hili, funguo zote ninazo, kuanzia chumba cha mita mpaka mlango wa paa, sasa hewa ni kitu gani kinishinde? Alikuwa anakunja sweta za mtoto. Mji huu hauna baridi. Sweta za nini?

Jumanne, 4 Februari

Adui amejitokeza. Jirani wa mlango wa pili, fundi wa friji, kapera. Jengo zima linamwita Bwana Feni kwa sababu ya vidude vyake. Anachukua feni, anaizungushia vichujio pande nne, anabana kwa gundi ya utepe, anawasha. Eti hewa chafu inaingia huku, inatokea kule ikiwa safi. Ukikitazama utadhani kabati lililoshindwa mtihani.

Nilitoka kidogo tu kwenda kugombana na wanaochoma taka nyuma ya ukuta (walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakaongeza tairi). Narudi nyumbani nakuta kidude kimekaa sebuleni kwangu, kinanguruma. Zawadi! Kwa shemeji na mtoto! Hilo neno shemeji analivuta mpaka linakaribia kukatika. Na mke wangu alimshukuru kwa tabasamu ambalo mimi sijaliona tangu mvua za mwaka jana.

Binti amelala bila kukohoa hata mara moja. Nimekaa pembeni ya kitanda nikisikiliza pumzi zake zikienda na kurudi bila kukwama. Nimefurahi mpaka machozi. Kisha nikakumbuka ni feni ya nani, furaha ikaingia mchanga.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamua kukiboresha kile kidude, kiwe chetu, kisiwe chake. Vichujio vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, na mtu yeyote mwenye akili timamu akiona kitu cheusi anakifua. Nikavitoa vyote vinne. Beseni, sabuni, maji ya moto. Nikasugua kwa moyo mmoja.

Ilikuwa karatasi.

Nimetoa kwenye beseni kitu kama uji wa kijivu. Nimejaribu kuukanda upya na kuuanika juani. Jua lenyewe halipo. Mke wangu akaingia, akatazama beseni, akatazama feni iliyobaki mifupa, akatoka kwenda kugonga mlango wa pili. Bwana Feni akamjibu kwa masikitiko makubwa kwamba vichujio vimekwisha madukani, mji mzima unavisaka. Vya mwisho alivyokuwa navyo ndivyo alivyotuletea sisi.

Vya mwisho! Amejinyima yeye mwenyewe, na kikohozi chake kile nakisikia kupitia ukutani. Mtu wa namna hiyo unamshindaje?

Ijumaa, 7 Februari

Jana nimetengeneza cha kwangu. Feni ile ile, na badala ya karatasi, sponji la godoro kuukuu lililokuwa stoo. Nikawaita wote sebuleni. Nikatoa hotuba fupi. Nikawasha. Loo! Lile sponji lilikuwa limeoza miaka mingi bila kuniambia. Sebule nzima ikajaa vumbi la njano, na binti yangu akaanza kubanwa hapo hapo, mabega yanapanda na kushuka. Mama yake akambeba juu juu kumtoa nje, kisha akakumbuka nje kulivyo, akasimama naye kizingitini asijue aelekee wapi. Ndani vumbi langu, nje moshi wa watu wote. Sura yake pale mlangoni sitaisahau.

Leo begi limeshushwa kutoka juu ya kabati. Halijafungwa. Liko wazi kitandani, linanitazama.

Mchana nilipanda paani kuosha tangi la maji, hasa ili nisitazamane na begi. Huko juu kuna mashine ya kupimia hewa. Ndiyo hiyo inayoleta rangi kwenye simu ya mke wangu. Shule ya mtaa wetu nayo inaitegemea hiyo hiyo: asubuhi mwalimu mkuu anaangalia rangi, anapandisha langoni bendera ya rangi hiyo. Ikiwa nyekundu, watoto wanafungiwa madarasani, na madirisha nayo yanafungwa. Wana bendera nyekundu mbili, kwa kuwa ya kwanza imechakaa.

Mashine yenyewe ni kisanduku cheupe juu ya mlingoti mfupi, chenye tundu la kuvutia hewa upande wa chini. Aliyeifunga ni fundi wa kike kutoka manispaa, mwenye helmeti na maneno machache. Alinipa agizo moja tu, nisiweke kitu chochote juu yake. Nikaapa. Leo nikatundika juu yake tambara langu lililolowa, likaning'inia mpaka kwenye lile tundu, nikaenda kufukuza njiwa.

Niliposhuka nikamkuta mke wangu kasimama katikati ya jikoni, ameikodolea simu macho. Njano! Hajawahi kuona njano! Nikapanda ngazi mbio, nikaliondoa tambara, nikashuka. Nyekundu. Mke wangu akakaa kitini taratibu, kama mtu aliyeamka katika ndoto nzuri.

Mimi sikukaa. Kichwani kwangu kulikuwa kumekucha.

Jumapili, 9 Februari

Mambo tayari. Tambara lilikuwa dogo na kazi hii inataka kitambaa kizito kinachoshika maji. Nimekata shubiri moja upande wa chini wa pazia la jikoni, lile la maua ya manjano. Nani anaangalia pindo la pazia la jikoni? Nimekilowesha, nimekizungushia kisanduku, nimefunga mafundo matatu.

Simdanganyi mtu. Hewa inayopenya kwenye kile kitambaa inatoka safi, na mashine inapima hewa hiyo hiyo. Mbona ni ukweli mtupu!

Nikashuka, nikakaa sebuleni, nikajitia hamnazo na gazeti la mwezi uliopita.

Kijani!

Mlango mmoja ukafunguka, wa pili ukafunguka, jengo zima likamwagikia kwenye ngazi na simu mikononi. Mama mmoja wa ghorofa ya chini alipiga vigelegele mpaka kifua kikamkatalia. Mke wangu alitoka na povu la sabuni mikononi, akaangalia simu, akaniangalia mimi, akakaa kwenye ngazi akaangua kilio. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyepotea. Nilidhani nitafurahi. Nilisimama pale na gazeti langu, nikalikunja mpaka likawa dogo kama leso. Halafu akainuka, akaenda kurudisha begi juu ya kabati, nami nikalikunjua gazeti.

Bwana Feni akasema ni ajabu, macho yake bado yanawasha. Nikamshauri akamwone daktari wa macho.

Jumatatu, 10 Februari

Kijani tena. Nilipanda mapema kukilowesha. Shule imepandisha bendera ya kijani kwa mara ya kwanza! Haijawahi kutoka kabatini, ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Mwalimu mkuu alipigwa picha akiwa ameishika pembe. Madirisha ya madarasa yakafunguliwa, mengine kwa nyundo.

Mtaa mzima umevua barakoa. Na mimi nilivua yangu mbele za watu, nikavuta pumzi ndefu ili niwe mfano, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nikawaambia ni furaha.

Moshi je? Moshi upo. Jengo la mbele bado halina kichwa. Lakini nimestaajabu: mtu anaangalia dirisha, anaangalia simu, anaiamini simu. Muuza mkaa wa pale kona ameniambia kwamba huu siyo moshi kabisa, ni ukungu. Nikakubaliana naye. Nilikubaliana naye kwa moyo mweupe, ndiyo ajabu yenyewe. Nikatembea mpaka nyumbani nikiuita ukungu.

Mke wangu ameuliza mbona pazia la jikoni limepanda. Nikasema limenywea kwa kufuliwa. Akasema hajalifua. Nikasema basi ni hii hewa safi, inakaza nyuzi. Akanitazama kidogo. Siku nyingine angenishika hapo hapo, lakini leo alikuwa na raha zake, alikuwa anaimba. Tangu lini mke wangu anaimba?

Jumanne, 11 Februari

Binti karudi kutoka shule anarukaruka. Mashindano ya mbio yaliyoahirishwa tangu mwaka jana yatafanyika kesho, kwa kuwa bendera imekaa kijani. Naye atakimbia! Akanionyesha kwenye korido anavyoanza: goti chini, vidole sakafuni, macho mbele. Akachomoka mpaka mlangoni na kurudi. Aliponifikia alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Korido yetu ni fupi, watu wawili hawapishani humo.

Mama yake akamuuliza kama ana hakika anataka kukimbia. Mtoto akamshangaa, akasema: "Mama, si ni kijani?"

Nikapanda paani. Nikashika fundo la kwanza. Nikilifungua tu rangi inarudi nyekundu, mbio zinafutwa, mtoto anakaa darasani salama. Na begi linashuka kabatini. Nilichuchumaa pale na fundo mkononi mpaka njiwa wakanizoea. Nikajiambia ni mbio fupi. Nikajiambia pampu yake anayo. Nikajiuliza, wakiondoka hawa wawili, jioni nitasikiliza pumzi za nani?

Nikaongeza maji. Nikashuka.

Jumatano, 12 Februari

Ameshika nafasi ya pili.

Nilikuwepo, nje ya ukuta wa shule, kati ya wazazi wengine. Mke wangu alikuwa mbele kabisa. Bwana Feni naye alikuja, kavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, peke yake mtaa mzima. Watu wakamcheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Binti akavuka mstari wa mwisho, akanitafuta kwa macho, akaniona, akanipungia. Mkono ukashuka kabla hajamaliza kupunga. Akapiga goti chini, vidole vikagusa vumbi. Nilidhani ananionyesha tena anavyoanza.

Midomo ilikuwa ya kijivu. Pampu ilikuwa darasani, ndani ya mkoba. Nilitaka kuruka ukuta, naapa nilitaka, lakini nilibaki nimeukumbatia. Aliyeruka ni Bwana Feni. Alimbeba mpaka kwenye gari la mwalimu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona akiwa bila barakoa, maana zote mbili alikuwa amemvisha mwanangu.

Hospitalini benchi zimejaa watoto. Wa shule yetu, wa mitaa ya karibu, na yule mama wa vigelegele pamoja nao, ambaye amelala siku tatu madirisha wazi. Muuguzi akauliza kwa sauti, bila kumuuliza mtu yeyote, imekuwaje hawa wote wanakuja kwa mpigo na rangi ni ya kijani? Nikaangalia viatu vyangu. Mke wangu alikuwa ameshika ule mkono mdogo, anatazama kifua kinavyovuta na kuvuta na kupata kidogo.

Ni mimi. Nimeandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Ni mimi, na pazia la jikoni.

Alhamisi, 13 Februari

Ametoka hatarini! Amekunywa chai, ameuliza kama wa pili naye anapewa zawadi. Nimemwahidi zawadi kubwa. Kisha nikatoka hospitali mbio kwenda kufungua kile kitambaa kabla mtu hajakiona.

Mlango wa paa ulikuwa wazi. Fundi wa manispaa! Helmeti na kila kitu. Akasema mashine za mitaa mingine zote zinaonyesha nyekundu, isipokuwa hii, basi amekuja kuona muujiza. Alikuwa ameshika pindo la pazia langu kwa vidole viwili, kama anavyoshikwa panya kwa mkia.

Nikasema ni njiwa. Nikasema njiwa wa hapa ni wasumbufu sana, wanabeba chochote wakajengee viota. Akauliza njiwa wameanza lini kufunga mafundo. Nikasema hawa wa mjini wana mengi. Hakucheka. Alipiga picha, akanyoosha kiganja, nikaweka ufunguo wa paa. Alipokuwa anashuka aliniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja. Akasema nimchunge.

Jioni picha ikaingia kwenye kundi la simu la wapangaji: anayekijua kitambaa hiki ajitokeze. Wapi! Hakuna aliyejitokeza. Badala yake wakaanza kunong'ona kwamba mwenye kuchezea feni na vichujio humu ndani anajulikana. Nikaona hapo pana mwanya. Nikaandika kwamba mimi simtaji mtu, lakini jambo hili lichunguzwe.

Mke wangu alikuja nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Nilimkuta jikoni. Simu mkono mmoja, mkono mwingine kashika pindo la pazia, anaangalia huku, anaangalia kule. Nilijiandaa kwa makelele. Nilikuwa hata na majibu. Hakupiga kelele. Alilinyoosha pazia taratibu kwa kiganja, kama unavyomnyoosha mtoto nguo kabla ya safari. Kisha akaenda kushusha begi.

Jumamosi, 15 Februari

Wameondoka.

Kituoni mke wangu alisema maneno machache. Alisema alikuwa anajua mumewe ni mjinga, na ujinga wangu ameuzoea, ameupenda hata. Lakini siku ile kwenye ngazi alilia mbele yangu, nami nikamtazama. Hilo hajui aliweke wapi. Watarudi hewa ikikaa kijani wiki nzima, na atakayempigia kumwambia ni mwalimu wa darasa, siyo mimi. Nikasema sawa.

Kumbe alikuwa ameshakwenda mlango wa pili kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Bwana Feni anajua kila kitu. Hakunisema kwa mtu. Alibeba begi mpaka kwenye basi, akampa mtoto barakoa mpya, akanipa na mimi moja. Sikutaka kuipokea. Nilikuwa nakohoa, nikaipokea.

Binti alifungua kioo cha basi akaniuliza bendera ya kijani itapanda lini tena. Nikamwambia karibuni tu. Akaniamini! Aliinua dole gumba mpaka basi likapinda kona. Mimi na Bwana Feni tukabaki tumesimama pale kituoni, tunakohoa kwa zamu.

Nyumba imekaa kimya mno. Juu ya kabati, pale lilipokuwa begi, pana umbo la begi lisilo na vumbi. Ndipo mahali pekee pasafi katika nyumba hii. Nimekitazama kile kipande cha ubao kwa muda mrefu. Sina hali.

Jumanne, 18 Februari

Zambarau. Jengo la mbele halipo kabisa, na suruali haipo.

Wamepiga simu kutoka milimani. Binti kaongea bila kituo: anakimbia mpaka kisimani na kurudi, kuna mbuzi mmoja wanashindana, na pampu yake haijulikani iliko, bibi anaitafuta. Haijulikani iliko! Amesahau alikoiweka! Nilibana simu sikioni nisikie pumzi zake, na hakukuwa na kile kifilimbi cha ndani ya kifua, hata kidogo. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, naandika hivi nikiwa na akili zangu. Kisha akauliza kama bendera imepanda. Nikasema bado kidogo. Akasema nifanye haraka, anataka nimwone anavyokimbia sasa. Mama yake akachukua simu, akasema mwalimu hajapiga, akakata.

Nimelia kama mtoto. Nimekaa sakafuni chini ya pazia fupi na kulia mpaka nikabanwa.

Kisha nikanawa uso, nikafikiri. Nimejikagua bila huruma. Kosa lilikuwa wapi? Siyo kitambaa, kitambaa kilifanya kazi yake. Kosa ni maua! Hakuna mwanamke asiyejua maua ya pazia lake. La pili ni mafundo. Fundi alisema kweli, njiwa hawafungi mafundo. La tatu ni tamaa: nilirukia kijani mara moja, ndiyo maana manispaa wakashtuka. Safari hii nitaanza na njano, mwendo wa pole, rangi ipande kama inavyopanda yenyewe.

Wameweka kufuli jipya mlango wa paa. Lakini ngazi ya tangi inapita nje, ukutani, na msimamizi wa jengo bado ni mimi. Nimekwenda mlango wa pili kuazima gundi ya utepe. Bwana Feni akauliza ya nini. Nikasema bomba linavuja. Akanitazama sana, akanipa.

Watoto wa shule? Nimewafikiria, mimi siyo mnyama. Nitamwomba mwalimu mkuu awazuie ndani siku hizo, nimwambie jua ni kali.

Nimetumia fulana yangu ya ndani. Nyeupe, haina hata ua moja, na hakuna fundo, ni utepe mtupu. Nimeshuka kifua kinawaka, mikono myeusi. Nimewasha simu. Nyekundu. Nimesubiri, nimekohoa, nimesubiri. Njano!

Nimemtumia mke wangu ujumbe hapo hapo. Nimemwambia aanze kukunja sweta.